Nilivyompiga Baba Mkwe Mgongoni Nikiwa Mshenga

Hii habari ilifika Chimala kabla yangu. Nilishuka kwenye gari, mkoba wenyewe sijauweka vizuri begani, mama anayeuza vitumbua pale barabarani akaniangalia, akageuza uso, mabega yanamtikisika, nikajua tayari. Kwa hiyo sina cha kuficha, aibu nimeshaila na maji nimeshushia, na ni afadhali mnisikie mimi mwenyewe kuliko kumsikia kaka yangu Ambilikile, ambaye kila akisimulia anaongeza (mara ya mwisho kasema nilivua viatu vyote na kilemba nikakitupa, uongo, nilivua kiatu kimoja tu, na kilemba kilianguka chenyewe).

Mimi ni Atupele, muuza mchele pale Chimala, na kwenye ukoo wetu nina sifa moja tu, nayo ni mdomo. Misiba naongea mimi, harusi naongea mimi, hata wajomba wakigombania mfereji wa maji shambani naitwa mimi nikaongee. Ndiyo maana mtoto wa kaka, Gwamaka, alipopata mchumba Iringa, binti wa Kihehe aitwaye Veronika, ukoo ulikaa kule Rujewa ukasema mshenga atakuwa Shangazi Atu. Baba mdogo mmoja alisema ushenga ni kazi ya wanaume, akaulizwa kama yeye yuko tayari kusimama mbele ya Wahehe wa watu aongee, akaendelea kunywa chai.

Sasa kabla sijafika Iringa lazima niwaambie kuhusu gemu, maana bila gemu hakuna mkasa.

Nilipokuwa msichana Rujewa, jirani yetu alikuwa baba yake rafiki yangu Shenaz, Mhindi mwenye duka, watu waliokaa pale tangu babu yao, na Shenaz mwenyewe alikuwa anaongea Kisangu, lugha ya pale, kuliko mimi Mnyakyusa wa watu. Mjomba wake alikuja na mashine ya gemu kutoka Dar, ikafungwa kwenye tivii ndogo nyuma ya duka, katikati ya magunia ya chumvi na maboksi ya sabuni, na pale ndipo mimi na Shenaz tulipomalizia utoto wetu. Gemu ilikuwa moja tu. Maandishi yake yalikuwa ya lugha tusiyoijua, kwa hiyo kila kitu tulikipa jina wenyewe. Kuna kijana ana nyundo, anavuka bonde, anakusanya mbuzi, anawapeleka kwenye geti la mawe. Getini amesimama mtu mnene, tumbo mbele, ndevu nyeupe zimemfika kifuani, hapiti mtu mpaka ampe mbuzi wa kutosha, na nyuma yake, juu kabisa dirishani, amekaa binti. Mtu mnene, anazuia geti, anadai mbuzi, ana binti ndani. Tukamwita Baba Mkwe. Mngemwitaje nyinyi?

Na tulikuwa na ujanja wetu, aliyeugundua ni Shenaz. Ukimpa Baba Mkwe mbuzi, anageuka kumweka zizini, na hapo ukimtwanga nyundo ya mgongo mbuzi anachomoka, unamkamata, unampa tena. Mbuzi yuleyule. Unarudia mpaka geti linafunguka, na Baba Mkwe hakuwahi kushtuka. Kwa ujanja huo mimi nilikuwa bingwa wa Rujewa, watoto walikuwa wanatoka mpaka upande wa mashine ya kusaga kuja kuniangalia, na niseme ukweli, katika maisha yangu sijawahi kuheshimiwa vile tena.

Basi. Jumamosi ya utambulisho tukaondoka asubuhi, mimi, kaka, Gwamaka na wazee wachache, nyuma ya gari mchele na mazagazaga ya heshima, tukapita Makambako, tukapita Mafinga kwenye ile baridi inayoingia mpaka kwenye meno, mimi njia nzima nafanya mazoezi ya hotuba kimoyomoyo. Kaka aliniambia kitu kimoja tu.

"Atu, huyo Mzee Kikoti, baba wa binti, ni mzee wa kanisa na hapendi utani. Ongea, lakini ongea kiutu uzima."

"Kaka, niachie mimi," nikamwambia.

Tulipofika, kwenye mtaa mmoja upande wa Kihesa, tukakuta turubai limefungwa uani, viti vimepangwa, spika mbili kubwa zimesimama kama walinzi, majirani na waumini wameshajaa. Mzee Kikoti mwenyewe alikuwa bado hajarudi, alikuwa na kikao kanisani. Utaratibu wa nyumba ile ulikuwa kwamba wageni wote wakae nje chini ya turubai, ila mshenga akae sebuleni peke yake mpaka aitwe. Fundi wa spika akaja akanibana kimaiki kidogo kwenye kola ya gauni, na kiboksi chake akakichomeka nyuma kwenye mkanda.

"Mama, hiki usikiguse," akasema. "Ukiitwa unatoka tu unaongea, kuwasha na kuzima ni kazi yangu kule nje."

Akatoka. (Baadaye nikaja kujua kwamba alikiwasha kidogo kujaribu, halafu akasikia harufu ya pilau.)

Sebuleni hakukuwa tupu. Kwenye kochi alikuwepo Festo, kaka yake Veronika, mtu mzima mwenye kazi yake mjini, anacheza gemu kwenye tivii pana kama mlango wa ghala. Mimi wala sikuangalia, nilikuwa naangalia kucha zangu. Ila ukaja muziki. Nyimbo za kanisani huwa nasahau ubeti wa pili, lakini muziki ule mwili wangu ulisimama wenyewe.

"Mwanangu, hiyo gemu inaitwaje?"

Akanitajia jina la Kiingereza ambalo maisha yangu yote sikuwahi kulijua. "Ni ya zamani sana, Shangazi. Wameitengeneza upya, wamesafisha picha na sauti, imetoka juzijuzi. Nyie hamwezi kuijua."

Hilo neno *hamwezi* ndilo lililoniponza. Angesema labda hamuijui, ningenyamaza, ningekaa na kucha zangu, na leo ningekuwa mwanamke mwenye heshima zake.

"Hebu nishike kidogo," nikasema. "Baba yako akifika naacha."

Festo akanipa pedi ya kuchezea kwa adabu, kama mtu anayempa bibi yake simu aangalie picha, kisha akaitwa nje kubeba makreti ya soda, akafunga mlango na madirisha nisipigwe na baridi. Nikabaki mimi na bonde langu.

Jamani, walikuwa wameisafisha kweli. Zamani nyasi zilikuwa rangi ya kijani tu imemwagwa, sasa unaona jani mojamoja linayumba. Mto, ambao sisi tulijua ni mkeka wa bluu, kumbe una samaki. Lakini kusafisha nako kuna hasara zake, maana yule kijana wa nyundo, ambaye mimi na Shenaz tulimpenda (tuligombana hadi kutosemeshana kwa ajili yake), sura ilivyotakata nikaona macho yamesogeleana mno, halafu mdomo umebaki wazi kama aliyesahau alichotumwa dukani. Na wale mbuzi. Miaka yote mimi nilisema mbuzi, Shenaz alisema mbwa, leo picha imesafishwa, ni kondoo. Nilitamani kulia, sina hata wa kumwambia. Kitu kimoja tu kilinifurahisha kabisa: nikiongea, nasikia sauti yangu inarudi kwa mbali, nzito, kama iko bondeni. Nikasema hawa watu ni mafundi, mpaka mwangwi wameongeza.

Vidole vikakumbuka. Nikavuka bonde, nikavuka mto, nikafika getini. Ukungu umetanda, mtu mnene amesimama ndani yake, huoni vizuri ila tumbo na weupe wa zile ndevu. Nikachangamka, na mimi nikichangamka naongea.

"Haya Baba Mkwe, nimefika. Shika mbuzi wako, geuka."

Akapokea, akaanza kugeuka taratibu.

"Geuka basi mzee, tumbo hilo linakuchelewesha. Ukigeuka tu nakutwanga ya mgongo, mbuzi namchukua, nakuletea tena huyohuyo. Huyu hajui kuhesabu, tangu Rujewa namdanganya na mbuzi mmoja."

Nikamtwanga. Mbuzi hakutoka. Baba Mkwe akageuka, akanisukumia mbali. Nikajaribu tena, vilevile. Nikaelewa pole pole, na moyo ukauma, kwamba ule ujanja wetu haukuwa ujanja, ilikuwa kasoro ya watengenezaji, na walipoitengeneza upya wameiziba.

"Kajanja siku hizi," nikasema. "Nani kamwambia? Leo anajifanya msomi. Sawa, lakini binti nitamchukua, hata kama ni kwa dirishani."

Huko nje nilishasikia vigelegele viwili vitatu, na sasa watu kama wanapiga kelele, nikajua Mzee Kikoti amefika, anapokelewa. Mtu mwenye akili hapo anaweka pedi chini. Mimi nikasema, kwa sauti, "Kidogo tu, nimmalize huyu mzee kabla hawajaniita."

Yaliyokuwa yanatokea nje nimeyapata kwa kaka na kwa wengine wengi ambao sikuwauliza. Mzee Kikoti alifika pamoja na mchungaji na wazee wenzake, akakaa kiti cha mbele, na kabla hajafungua koti spika zikasema haya Baba Mkwe nimefika. Watu wakapiga vigelegele, wakajua mshenga ameanza. Yakaja ya tumbo. Yakaja ya mgongo. Kaka akanyanyuka akimbilie ndani, Mzee Kikoti akanyoosha mkono.

"Kaa. Mwacheni mshenga wenu amalize. Nataka kusikia mwisho wake."

Kaka akakaa. Fundi wa spika hakuonekana, na mashine yake ina vitufe vingi hakuna aliyethubutu kuigusa. Gwamaka alinitumia ujumbe mpaka kidole kikafa ganzi, simu yangu iko ndani ya mkoba, chini kabisa. Bibi yake Veronika, ambaye masikio yamepungua, akamuuliza aliyekaa naye, "Anasema wataleta mbuzi wangapi?"

"Mmoja, bibi."

"Mmoja?"

"Mmoja, ila atamleta mara nyingi."

Ndani mimi nilishapiga magoti kwenye zulia, kiatu kimoja kimeenda, kilemba kimenifunika jicho, na Baba Mkwe aliponiangusha kwa mara nyingine nikasema neno moja la Kinyakyusa ambalo hapa silirudii. Nilijipa moyo kwamba Iringa yote hakuna atakayelielewa. Mchungaji alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu.

Mlango ukafunguliwa. Mbele Mzee Kikoti, mrefu, mkavu, nyuma yake mchungaji anaangalia dari, kisha kaka, kisha Festo na kreti la soda mkononi, na kwa nyuma kabisa Gwamaka.

"Kamwene, mshenga," akanisalimia Mzee Kikoti kwa Kihehe.

"Kamwene, baba," nikaitikia, na kutoka uani, kwa sauti nzito ya bondeni, mtu akasema *Kamwene, baba*.

Nikashika kola. Hakukuwa na mwangwi wowote kwenye gemu.

"Baba," nikasema, "sikuwa nakusema wewe. Nisamehe. Nilikuwa namsema huyu hapa, huyu wa getini, sisi tangu utotoni tunamwita Baba Mkwe. Mwangalie mwenyewe, ana tumbo na ndevu."

Nikanyoosha kidole kwenye tivii. Sasa, kwa kuwa nilikuwa nimeshindwa, hiyo gemu mpya ikawa imefanya kitu ambacho ya zamani haikuwahi kufanya, ukungu ukaondoka, picha ikasogea mpaka kwenye uso wa aliyenishinda. Mzee Kikoti akatoa miwani mfukoni, akaivaa, akainama kidogo. Na mimi nikaona pamoja naye. Zile ndevu zilikuwa mtandio mweupe. Lile tumbo lilikuwa kikapu alichokifunga mbele. Macho yenyewe ya upole, kope ndefu.

"Huyu ni mwanamke," akasema Mzee Kikoti.

"Ndiyo baba," nikasema. "Lakini zamani alikuwa mwanaume."

Hilo nalo likaenda nje. Nilisikia turubai zima linaanguka kwa kicheko, kiti cha plastiki kikavunjika. Sebuleni hakucheka mtu. Mzee Kikoti akamgeukia kaka, akamuuliza pole pole, "Mmekaa kama ukoo, mkafikiri, mkaniletea huyu?" Na hapo nikamwona Gwamaka mlangoni, na suti yake mpya, mtoto niliyembeba mgongoni mwenyewe, midomo imemkauka, anaangalia chini kama mtu anayesomewa hukumu. Utani wote ukanitoka. Nikajua kama binti wa watu atanyimwa, atanyimwa kwa sababu yangu, na huyu mtoto hatanitukana, atanisalimia tu kwa adabu mpaka nife, na hicho ndicho kitakachoniua.

Nikauparamia mkoba, nikatoa simu, nikampigia Shenaz, ambaye siku hizi ana duka Mbeya mjini. Nikaweka sauti kubwa, nikamwonyesha Mzee Kikoti kwa mkono kwamba naomba anivumilie.

"Shenaz, nijibu bila kufikiri. Yule wa getini, kwenye gemu ya dukani kwenu, tulikuwa tunamwitaje?"

"Baba Mkwe," akasema Shenaz hapohapo. "Kwani umempita?"

"Sijampita. Wameitoa upya, wameziba pale pa mbuzi."

"Pa kumtwanga mgongoni?"

"Wamepaziba."

"Basi Atu, tumekwisha," akasema, na ilikuwa sauti ya mtu aliyefiwa kweli. Kisha akasema, "Mbona unasikika kama uko kanisani? Uko wapi?"

"Niko Iringa kwenye utambulisho wa Gwamaka. Mimi ndiye mshenga."

Nikasikia mteja wake kule dukani anauliza betri.

"Mungu amsaidie huyo mtoto," akasema Shenaz, akakata simu.

Aliyeanza alikuwa bibi. Sijui nani alimrudia maneno sikioni, lakini kicheko chake kilisikika mpaka ndani, kicheko cha kikohozi, hakiishi. Mchungaji akafuata, akatoka nje ya mlango kabisa akashika ukuta. Mzee Kikoti hakucheka. Alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu sana kuliko miwani inavyohitaji kufutwa, akaketi kwenye kochi.

"Mshenga utalipa faini," akasema. "Na kuongea kwako kumekwisha leo. Festo, mtoe hicho kitu shingoni. Aongee kaka yake."

Kaka Ambilikile ni mtu ambaye hata kwenye simu anajibu kwa kuguna. Walimsimamisha uani mbele ya watu wote, wamemfunga kimaiki changu, mimi nimekaa nyuma karibu na masufuria, nikamwona anameza mate mara nyingi, hotuba yangu yote niliyoiandaa imebaki kichwani kwangu haina faida. Akasema, "Sisi tunampenda binti yenu. Na mbuzi tutakaoleta watakuwa tofauti tofauti." Akakaa.

Wakatukubali. Yaani palepale, vigelegele, Veronika akaletwa amefunikwa khanga, na alipofunuliwa alikuwa na machozi, na watu wakasema analia kwa furaha, mimi niliyekuwa karibu naye nawaambia alikuwa bado anacheka. Faini ikawa mbuzi, nikampeleka wiki iliyofuata mwenyewe. Bibi alimkagua toka pembe mpaka mkia, akaagiza afungwe kitambaa chekundu shingoni ili nisije nikarudi naye tena, na kila akiniona sasa ananiuliza kama mgongo wa mwanawe, Mzee Kikoti, nimeuacha salama.

Mkiniuliza kama gemu yenyewe bado ni nzuri baada ya miaka yote hiyo, nitasema ni nzuri, ni nzuri kuliko nilivyokumbuka, ila imeniambia kwamba sikuwahi kuwa bingwa wa kitu chochote, na hayo ni mambo ambayo mtu mzima angeambiwa faraghani. Shenaz ameinunua. Ananipigia niende Mbeya tukajifunze kumpita yule mama kwa njia ya halali, na ninaweza nikaenda, lakini kwake, mlango umefungwa, nguo yangu imekaguliwa kwanza. Kwa watu nimeapa. Nikienda ugenini siku hizi, chochote chenye kitufe sikigusi, siwashi taa, sishiki rimoti, na nikifika kwenye geti lenye kengele siibonyezi, nasimama palepale juani napiga hodi kwa mdomo mpaka wanisikie.